Mapera ya Nyumbani

Siku bwana afya alipokuja sokoni na picha zake, wauza matunda walikuwa wamekwisha kumchagua mtu wa kumnyamazisha. Hawakupiga kura. Katika safu nzima ya meza, kuanzia langoni mpaka ghala la viazi, kulikuwa na mdomo mmoja tu uliotosha kwa kazi hiyo, na mwenye mdomo alikuwa mama wa makamo, muuza mapera, ambaye soko zima lilimwita Wakili. Sheria hakuisomea hata siku moja. Ila alikuwa hana dogo. Mgambo aliyejaribu kuihamisha meza yake aliondoka anaomba radhi, na mteja aliyekuja kulalamika kwamba kapunjwa aliondoka kanunua tena.

Bwana afya alikuwa kijana mwembamba, shati limenyooshwa vizuri, sauti ya upole isiyofaa kabisa kwa sokoni. Aliwakusanya wauzaji nyuma ya ghala, mahali penye kivuli, akafungua bahasha kubwa akatoa picha mbili. Ya kwanza ilionyesha popo amelazwa kwenye sahani, na mstari mwekundu umepita juu yake. Ya pili ilionyesha pera lenye alama za meno, nalo limepigwa mstari mwekundu vilevile. Akaeleza kwamba popo wakubwa wanaolala kwenye miti ya barabara ya posta wana virusi ambavyo wao wenyewe haviwasumbui hata kidogo. Wanaruka navyo, wanazaa navyo, wanazeeka navyo. Vikimwingia binadamu, ni balaa. Hukaa kwenye mate yao, kwenye mkojo na kwenye kinyesi, na tayari mahali fulani si mbali sana watu walikuwa wameugua wakafa. Kwa hiyo mtu asimshike popo, asimle, na tunda lililoumwa na popo litupwe lote. Kukata kipande chenye meno na kula kilichobaki hakusaidii kitu. Picha zote mbili alitaka zibandikwe langoni.

Kina mama walianza kunong'ona kwamba huyu kijana amekuja kuwatilia mchanga kitumbua chao. Macho yote yakamgeukia Wakili. Akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni. Kwanza alimshukuru mgeni kwa kuwajali, kwani ndivyo alivyoanza kila alipotaka kumchinja mtu kwa maneno. Kisha akamwuliza kama anamjua mteja yeyote aliyewahi kuuziwa pera lenye meno katika soko lile. Kijana akakiri kwamba hamjui. Wakili akasema hayupo. Tunda lenye meno ni aibu kwa meza, na katika safu yao hakuna mwanamke wa kujiaibisha hivyo. Na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Mwanangu, sisi hatuna ubaya na wewe," alisema. "Lakini ukibandika pera pale langoni, mteja hatasoma maneno yako yale madogo. Ataona pera na rangi nyekundu, basi, atageuza njia. Humu kuna kina mama hawana mume, hawana shamba, wana meza tu. Unataka utuokoe na popo halafu tufe njaa?"

Makofi yalipigwa mpaka wabeba mizigo wakaja kuchungulia. Mwenyekiti wa soko, mzee aliyependa amani kuliko kitu chochote kwa sababu amani ilimwachia nafasi ya kusinzia, akapendekeza wakutane katikati: ibandikwe picha moja. Bwana afya alijitetea kidogo. Alisema ile ya pili ndiyo muhimu zaidi, hata kwa wao wauzaji wenyewe, lakini maneno yake yalimezwa na kelele. Alikuwa mgeni kazini na alitaka wampende. Akairudisha picha ya pera kwenye bahasha.

Basi popo wa kwenye sahani akabandikwa peke yake langoni, na watu wakavunjika mbavu. Nani katika mji ule alikuwa amewahi kula popo? Haikupita wiki, mtu akamchorea kijiko na uma, na mwingine akaongeza chupa ya soda. Wakili alibebwa kwa sifa. Mama Pacha, jirani yake wa meza na rafiki yake tangu wote wawili wakiuza kwa kutembeza sinia kichwani, aliapa kwamba mwenzake angesoma kidogo tu angekuwa waziri, na wao wengine wangekoma.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja nyuma ya ghala siku ile, na halikutajwa kwa sababu lilikuwa la kawaida mno. Matenga ya mapera yalifika asubuhi kutoka mashambani, na kazi ya kwanza ya muuzaji ilikuwa kuchambua. Mazuri yaliitwa ya mbele, yakapangwa mezani. Yaliyopondeka yaliitwa ya juisi, yakachukuliwa na vijana wenye mashine za kusaga. Yaliyobaki, yenye meno ya popo, hata vijana wa juisi waliyakataa, maana mteja wa juisi husimama akakodolea kila kinachoingia kwenye mashine. Hayo yaliitwa ya nyumbani. Yaliingia kwenye kapu chini ya meza, yakafunikwa kitambaa, na jioni yakaenda kuliwa na watoto, wajukuu na waume. Wala hawakuyala kwa unyonge. Kila muuzaji alijua kwamba popo hapotezi muda na tunda bovu. Katika mti mzima yeye huchagua lile lililoiva sawasawa. Mteja alilipia pera zuri, lakini pera tamu kuliko yote lilikwenda nyumbani bure. Walijiona wajanja. Kijana wa watu alikuwa amekuja kuwaambia habari ya kapu lililo chini ya meza zao, na wao wakapigania lililo juu ya meza.

Mume wa Wakili alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, mbele ya vyumba viwili walivyopanga tangu mabinti zao wakiwa wadogo, kabla hawajaolewa wakaenda mbali. Aproni za wauza matunda wote alizishona yeye: kitambaa kizito cha kijani, na mbele mfuko mmoja mkubwa wenye mshono mara mbili ili sarafu zisiutoboe. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mwingi, na mzaha alioupenda kuliko yote ulimhusu popo. Kila jioni mkewe aliporudi na kapu, Fundi aliondoa mguu kwenye pedali, akauliza, "Mwonjaji wetu kasemaje leo?"

Alidai kwamba wafalme wa zamani walikuwa na watu wa kuwaonjea chakula, na kwamba yeye, fundi wa mtaani mwenye suruali mbili, ana mwonjaji wake anayeruka. Wakili aliketi kwenye kigoda, akatoa kisu kidogo, akakata pande lenye meno akalitupa, akakata vipande lililobaki, akampa mumewe kwenye kisahani. Yeye mwenyewe hakula. Ukishinda na harufu ya mapera kutwa, mwaka nenda mwaka rudi, huli pera hata ubembelezwe. Raha yake ilikuwa kumtazama mume akila mpaka maji yanamtiririka kiganjani, na kumgombeza asichafue nguo za watu.

Jioni ya siku ya mkutano alimsimulia kila kitu, akaigiza na sauti ya bwana afya, na Fundi akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akakigeuza kipande cha pera mkononi.

"Lakini yule kijana," aliuliza, "alisema kweli au alisema uongo?"

"Kweli ya ofisini hiyo," Wakili alimjibu. "Wewe unakula haya tangu tuoane, na shingo yako hiyo hapo, imejaa. Kula, baba."

Fundi akala, akaomba kipande kingine.

Msimu wa mapera ulikuwa umepamba moto siku Mama Pacha alipokuja barazani na aproni mpya mkononi, anacheka. Mfuko ulikuwa umeshonewa ndani, upande wa tumboni. Fundi akaigeuza aproni huku na huku, akaitazama bila kuona kosa liko wapi. Katika maisha yake yote ya kushona hakuwahi kukosea mfuko. Wanawake wawili wakamtania kwamba uzee umebisha hodi, naye akacheka nao, lakini akashika kichwa, akasema kinamgonga tangu asubuhi. Mama Pacha akamwambia asihangaike kuufumua, mfuko wa ndani ndio mzuri, wezi hawauoni. Akaivaa hivyo hivyo akaenda zake.

Homa ilipanda kabla jua halijazama. Kesho yake Fundi akamwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, akamwuliza kwa nini hajarudisha ng'ombe. Naye tangu azaliwe hakuwahi kufuga hata kuku. Hapo Wakili akaacha kujipa moyo, akatafuta gari.

Hospitalini walimtazama mgonjwa, wakamtazama tena, kisha wakaanza kusogea mbali. Hivyo ndivyo Wakili alivyojua kwamba mambo yameharibika. Muuguzi aliyekuwa amemshika Fundi mkono alikwenda kunawa, akarudi amevaa glovu, akaenda tena, akarudi amejifunika mpaka macho. Fundi akaingizwa chumba cha mwisho chenye kioo mlangoni. Mkewe akawekwa chumba cha jirani, kitanda, ndoo na dirisha lisilofunguka, akaambiwa hatoki mpaka ijulikane kama naye anao ugonjwa huo. Daktari hakumficha: ni virusi, vimefika kwenye ubongo, na dawa ya kuviua haipo. Watamshushia homa, watampa maji, watasubiri mwili upigane wenyewe. Wakili akauliza mwili utapigana vipi ikiwa mwenyewe hajui hata jina lake.

Siku iliyofuata aliingia mtu aliyevaa mavazi meupe ya plastiki toka utosini mpaka unyayoni, akaketi kwenye kiti mbali na kitanda. Wakili alimtambua kwa sauti. Upole ulikuwa ule ule. Bwana afya aliuliza maswali yake taratibu: mgonjwa alisafiri wapi, alimgusa mnyama gani, aliwahi kumhudumia mgonjwa mwingine. Wakili alijibu hapana kwa yote. Mume wake alikuwa hatoki barazani. Safari zake zote alizifanya kwenye pedali ya cherehani. Swali la mwisho kijana alilichelewesha. Alitazama dirisha, akatazama viatu vyake.

"Mama yangu, alikula tunda lililoumwa na popo?"

Utetezi ulimjia Wakili wenyewe, kwa mazoea, tena mzuri, umepangika: kwani nani asiyekula, kwani mvua ngapi zimepita, kwani mbona mimi mzima. Ulifika mpaka kwenye ulimi. Akaumeza.

"Kila jioni," alisema. "Nilimkatia mwenyewe. Nilitoa pale penye meno."

Kijana akamweleza kwamba mate ya popo hayabaki palipo na meno. Popo hulilamba tunda, hulikumbatia, hulikojolea. Na kisu kilichokata palipoumwa ndicho kilichokata na palipo pazima. Wakili akakiona kisu chake kidogo, kile alichokuwa akikinoa kwenye ukingo wa baraza ili mumewe asipate pera lililopondwa. Alitamani kijana amfokee. Akamwomba kabisa: aseme kwamba alionya, aseme mama ni wewe na mdomo wako. Bwana afya akatikisa kichwa. Akasema picha ile aliirudisha kwenye bahasha kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ya makofi tu, na tangu alipoletewa habari ya mgonjwa huyu hajapata usingizi. Hasira ya Wakili ikakosa mahali pa kwenda, ikabaki kwake.

Kisha akakumbuka pacha. Mama Pacha aliwazaa akiwa amekwisha kata tamaa ya kuzaa, wasichana wawili, na kila jioni chini ya meza yake kulikuwa na kapu na kitambaa. Akamshika bwana afya mkono wa plastiki, akamwambia akimaliza hapa aende sokoni moja kwa moja. Kijana akasema amekwisha kwenda. Walimsikiliza, wakamwonyesha picha langoni, wakamwambia walishakubaliana.

Fundi alikufa upande wa pili wa ukuta. Wakili alisikia mashine ikinyamaza, kisha viatu vya plastiki vikitembea bila haraka. Hakuruhusiwa kumshika. Alimwona mara moja kupitia kioo, amefungwa ndani ya mfuko mweupe wenye zipu, na jambo la kwanza lililomjia akilini lilikuwa kwamba zipu ile imeshonwa ovyo, mshono mmoja tu, mumewe angeifumua yote. Akalia kwa sababu ya zipu. Watu wenye mavazi meupe wakamzika, na mabinti wakayasikiliza mazishi ya baba yao kwenye simu. Neno lililomkaa Wakili kichwani siku zote za kufungiwa lilikuwa lile alilomwambia kwa mapenzi, kula, baba.

Yeye hakuwa na ugonjwa ule. Walimpima tena na tena, wakamwachia. Huko nje mji ulikuwa umefanya yake. Vijana walikwenda na matairi mpaka barabara ya posta wakawasha moto chini ya miti, ingawa bwana afya aliwasihi mpaka akakaukiwa na koo kwamba popo hafukuzwi hivyo. Ukimshtua anatawanyika na kumwaga uchafu wake kila anapopita, lakini akiwa kwao katulia hana habari na mtu. Miti ikaungua. Popo wakatafuta mahali pengine pa giza, karibu na chakula, wakapapata chini ya paa la ghala la viazi, juu ya vichwa vya wauza matunda. Na kazi hiyo iliyofanywa na watu wazima wenye akili zao ilipigiwa vigelegele.

Meza ya Wakili ilikuwa imepuliziwa dawa, kisha ikavunjwa na kuchomwa. Wenzake walimpa pole kwa mbali, mkono kifuani. Hakuwalaumu, maana yeye angesimama mbali zaidi yao.

Bwana afya aliitisha mkutano mwingine nyuma ya ghala, na safari hii picha ya pera ilikuwa mikononi mwa Wakili. Alizungumza bila madoido na bila kumshukuru mtu kwanza. Aliwaambia kwamba mume wake hakula popo. Alikula mapera ya nyumbani, yale yale yaliyomo kwenye makapu yao saa hii, chini ya kitambaa. Aliwataja mmoja mmoja, huyu na wajukuu zake, yule na mume wake, akafika kwa Mama Pacha akataja pacha kwa majina yao ya kudekezwa. Akasema mimi ndiye niliyemzuia huyu kijana, na nikamuua baba watoto wangu kwa mkono huu. Akaomba picha ibandikwe, na makapu yamwagwe leo.

Watu walitazama chini. Wengine walitazama juu, kwenye paa la ghala, wakaacha haraka. Kisha Mama Pacha akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Wakili, sisi hatuna ubaya na wewe," alisema. "Tumelia na wewe. Fundi alikuwa wetu sote. Lakini wateja ndio kwanza wameanza kurudi. Ukibandika pera pale langoni, mtu hatasoma maneno madogo. Ataona pera na rangi nyekundu, atageuza njia. Si wewe mwenyewe ulitufundisha?"

Hakuyasema kwa kejeli, na hilo ndilo lililouma. Wakili akafungua mdomo kumjibu, akaitafutia ile hoja tundu, akaizunguka kila upande kama alivyokuwa akizizunguka hoja za mgambo. Hakupata pa kuingilia. Alikuwa ameijenga vizuri mno. Alisema tu kwamba watoto watakufa, na sauti yake ikatoka ya mjane, sauti ambayo watu huihurumia bila kuisikiliza. Makofi aliyopigiwa Mama Pacha hayakuwa mengi, lakini yalitosha. Mwenyekiti akasema wakutane katikati, na popo wa kwenye sahani akabaki langoni na kijiko chake.

Wakili akarudi barazani, akakaa mbele ya cherehani mpaka alipokata shauri. Kama hawataki kusikia, atayanunua yale mapera yenyewe. Cherehani ikachukuliwa na mtu wa kwanza aliyeiulizia, bila kubishana bei, na mwuzaji ni mwanamke aliyezoea kubishana hata bei ya kiberiti. Jioni iliyofuata alisimama mbele ya meza ya Mama Pacha akasema anataka mapera ya nyumbani. Mwenzake alidhani ni utani. Ya nyumbani hayana bei, tangu lini yakawa na bei? Wakili akasema leo yamepata, akatoa bei ya pera zima la mbele.

Mama Pacha alimtazama kwa huruma, akainama, akatoa kapu. Wakili akavaa glovu alizoondoka nazo hospitalini, akayabeba mapera mpaka kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, akayamwagia mafuta ya taa, akayachoma mpaka yakawa majivu. Alisimama pale mpaka moto ulipozimika. Jioni ya pili wauzaji wengine walikuwa wanamngoja na makapu yao. Baada ya hapo ikawa mazoea. Nyuma ya mgongo wake walimpa jina jipya, Mama Popo, wakasema huzuni imempanda kichwani, maskini, lakini hela yake haina huzuni. Alisikia, akaendelea kununua. Kila jioni alipotazama moto alihesabu nyumba ambazo usiku ule hazitakula mapera yale, na ya kwanza kuhesabiwa ilikuwa ya pacha. Kwa muda alianza hata kulala.

Kilichomtia wasiwasi ni wingi. Msimu ulikuwa unakwisha, mapera ya mezani yanapungua, lakini ya nyumbani yaliongezeka kila alipokuja. Alijiambia ni wale popo wa ghalani, wamekaribia chakula. Siku moja akawahi kufika, jua bado liko juu, akachukua pera moja kutoka kwenye kapu alilosogezewa na Mama Pacha, akaligeuza kwenye mwanga.

Lilikuwa gumu upande mmoja na limesinyaa upande wa pili, pera lililokaa mezani muda mrefu bila kupata mtu. Lilikuwa na matundu. Wakili alikuwa amechambua mapera maisha yake yote. Popo hatoboi; popo hukwangua, huing'oa nyama ya tunda akaitafuna, akaacha kovu pana lenye mikwaruzo kingoni. Matundu haya yalikuwa ya duara, safi, yanalingana, na ndani ya moja mlikuwa na doa la kutu. Akachukua la pili, akachukua la tatu, akalivuruga kapu mpaka chini. Yote yalikuwa kazi ya msumari.

Akainama kuchungulia chini ya meza. Nyuma ya miguu ya Mama Pacha, mbali kidogo na njia, kulikuwa na kapu jingine, dogo, limefunikwa kitambaa kwa uangalifu, na nzi wanalizunguka.

"Ya popo yako wapi?" aliuliza, ingawa alikuwa anayaona.

Mama Pacha hakuona haya. Alimtazama rafiki yake wa siku nyingi kwa uso laini, uso wa mtu anayemweleza mgonjwa jambo rahisi.

"Yale matamu, Wakili," alisema. "Yale siwezi kukuuzia. Yale ni ya watoto."

Kisha akachukua hela iliyokuwa mezani, akaiinua aproni yake ya kijani, akaitia kwenye mfuko wa ndani, upande wa tumboni, kazi ya mwisho ya Fundi.